Maswali ya Wasomaji: Pedali ya Valvu au Modela ya Dijitali?

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Mimi hupiga gitaa katika bendi inayotumbuiza hotelini hapa Malindi, aghalabu bango na rumba. Sina amplifaya, hivyo gitaa langu huingia moja kwa moja kwenye miksa ya hoteli. Mgeni mmoja anayerejea kwao Marekani ananiuzia priampu ya valvu yenye umbo la pedali, na ameniruhusu niijaribu kwanza. Wenzangu nao wanashikilia kwamba ninunue modela ya dijitali. Niipime vipi, na kipi kitanifaa? – Mpiga gitaa, Malindi

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kuwa gitaa lako huingia miksani bila amplifaya, tunaona modela, yaani kifaa cha dijitali kinachoiga amplifaya, ndiyo itakayokufaa, ingawa si kwa sababu valvu, ile chupa ndogo ya kioo inayokuza sauti kwa umeme, ina upungufu. Priampu ni sehemu ya kwanza tu ya amplifaya, na kinachokosekana baada yake ni spika. Spika ya gitaa hupunguza mno sauti nyembamba zinazozidi hezi 5,000 hivi, ilhali spika za ukumbini huzitoa zote, ndiyo maana pedali ya valvu ikichomekwa miksani peke yake hutoa sauti kali inayokera masikio, hasa ukiikoleza hadi ikwaruze. Modela huiga amplifaya pamoja na spika yake na hata maikrofoni iliyowekwa mbele yake. Modela iitwayo POD, ya kampuni ya Line 6, ilikuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 1998. Baadhi ya pedali za valvu nazo zina tundu la kutolea sauti lenye uigaji wa spika. Litafute, maana likiwepo hoja yetu hupungua nguvu.

Katika kujaribu, tumia gitaa lako mwenyewe, na usawazishe kwanza ukubwa wa sauti ya vifaa vyote viwili, kwani sikio hukipendelea kinachovuma zaidi hata kama tofauti ni ndogo. Piga uzi mmoja wa katikati kwa ulaini, kisha uupige kwa nguvu: valvu iliyopata volti za kutosha huanza kukwaruza polepole kadiri mkono unavyozidi, na ukishusha volyumu ya gitaa sauti husafika tena. Valvu ya 12AX7, aina inayotumika sana katika priampu, ndani ya amplifaya hupewa volti 200 hadi 300 hivi, lakini pedali nyingine za bei nafuu huipa volti chache tu za adapta, zikaiachia silikoni, yaani transista na diodi, kazi kubwa ya kukwaruza. Ziko hata zinazofichwa taa ndogo ya rangi ya chungwa chini ya valvu ili ionekane inawaka, jambo linalompendeza mnunuzi na lisilomfaa msikilizaji kwa lolote. Modela nzuri za leo huufuata mkono vizuri pia, na kwa bango, ambayo hutaka gitaa safi, hatudhani wageni walioketi mezani watatambua tofauti. Usihofu ucheleweshaji wa sauti wa milisekunde chache unaolalamikiwa katika modela. Ukisimama mita mbili kutoka kwenye spika, hewa peke yake hukuchelewesha milisekunde 6 hivi.

Kabla hujaiwasha pedali ya mgeni huyo, soma maandishi ya umeme. Marekani hutumia volti 120, sisi 240, na transfoma iliyotengenezwa kwa 120 pekee itaungua. Tena, kupasha moto valvu moja ya 12AX7 huhitaji miliampea 300 kwa volti 6.3, au 150 kwa volti 12.6, kwa hiyo adapta ya pedali za kawaida inayotoa miliampea 100 haitoshi.

Ikiwa una nia ya kununua amplifaya baadaye, pedali hiyo bado ina thamani, mradi bei iwe ya haki. Izime, iache ipoe, kisha mwombe mwenyewe aichomoe valvu uikague miguu yake pamoja na matundu ya kebo. Kama imekaa sana katika hewa hii yetu ya chumvi na ukakuta kutu, una sababu ya kutosha ya kudai apunguze.