Tunachoma kila mwaka, mbona vichaka vinazidi?

Swali: Mkuu, hifadhi yetu ni kubwa, savana tupu. Kila mwaka tunachoma vitalu vilevile mapema, majani yakiwa bado na ubichi ubichi, lakini vichaka vinazidi kufunga na mwisho wa kiangazi moto mkubwa unatuingilia vilevile. Tuache kuchoma kabisa au?

Jibu: Usiache mkuu, ila hapo mmechanganya kazi mbili. Moto wa mapema ni moto wa baridi, unatembea taratibu, unaruka penye ubichi na kuacha viraka viraka, na hivyo viraka ndo vinakuja kuukata ule mkubwa baadae. Kichaka hauwezi, unakibabua tu, mvua ikinyesha kinachipua tena kutoka kwenye mizizi.

Kichaka kinataka moto mkali. Huko Afrika Kusini mwongozo wao ni nyasi kavu zaidi ya tani 4 kwa hekta, joto juu ya nyuzi 25, unyevu wa hewa chini ya asilimia 30, na upepo usizidi kilomita 20 kwa saa. Na uwashe uende na upepo, ndo ndimi zinafika kwenye majani ya kichaka, ule unaorudi kinyume unakaa chini unaumiza mashina ya nyasi tu. Mti ulioshapita mita 3 hivi usihangaike nao, huo umeshatoroka.

Sasa angalia, mkichoma kitalu kilekile kila mwaka hizo tani 4 zitatoka wapi? Nyasi hazipati muda wa kujaa, kwahiyo moto wenu utabaki wa baridi milele. Pumzisheni vitalu vingine misimu miwili mitatu ya mvua nzuri, msiende na kalenda. Hifadhi ya Kruger, hukohuko Afrika Kusini, walichoma kwa ratiba ya miaka mitatu mitatu kuanzia 1957 na baadae wakaiacha, siku hizi wanaangalia mvua na nyasi zilizopo.

Hesabu na midomo ya wanyama wanaokula nyasi pia. Serengeti nyumbu walitoka kama laki 2 na nusu mwanzoni mwa miaka ya 60 wakavuka milioni 1 kwenye miaka ya 70 baada ya sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa unawaua, kuisha, na moto ukapungua wenyewe maana nyasi zililiwa. Halafu msichome kipande kidogo peke yake, wanyama wote watahamia kwenye majani machanga hapo mpaka wabakize vumbi.

Mpakani, kuzuia moto usivuke, kateni mistari miwili sambamba, katikati mchome jioni hewa ikianza kupoa, sio saa nane mchana ambapo ukikunja jani linavunjika kama biskuti. Na kesho yake mrudi kukagua, gogo au kinyesi cha tembo kinaweza kufuka kimyakimya hata siku mbili, ukikiangalia ni majivu tu, pitisha mgongo wa mkono juu yake ndo utajua.