Dawa ya miti inayotuliza maumivu papo hapo, ishuku

Msimu wa korosho ukifika na fedha za mnada zikianza kuingia, huku kwetu Newala na Tandahimba magari ya spika hayakosi. Wanatangaza unga wa kiuno, unga wa magoti, unga wa nguvu za kiume, vyote vya miti shamba, vyote "havina madhara". Watu wananunua kwa sababu maumivu ni ya kweli. Mtu aliyepuliza salfa kisha akainama kuokota korosho shamba zima, mgongo haumdanganyi.

Mama yangu mdogo alinunua unga wa magoti, na siku ileile magoti yakaachia. Baadaye akawa anakula kupita kawaida, mashavu yakajaa, uso ukawa duara. Majirani wakamsifu kwamba amenawiri. Mimi nilitiwa shaka na mikono yake, maana ilizidi kukonda huku uso ukinenepa. Tulipompeleka hospitali, sukari ilikuwa juu na presha juu. Daktari akaomba kuliona kopo.

Maumivu ya miaka yakizimwa na unga ndani ya saa moja, uwezekano mkubwa umechanganywa na dawa za hospitali. Zinazokutwa mara nyingi ni diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, na kwenye zile za nguvu za kiume ni sildenafili. Diklofenaki huumiza tumbo na figo. Sildenafili ikikutana na dawa za moyo za kundi la naitreti, presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Deksamethasoni ndiyo inayojaza uso na kupandisha sukari, na ukiizoea, mwili unaacha kutengeneza kotisoli yake, yaani homoni inayofanya kazi kama hiyo dawa.

Sheria ipo. Tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 tunalo Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zenyewe. Hapa ndipo wengi tunapopigwa: muuzaji anatoa cheti cha mganga, nasi tunadhani dawa imepita. Cheti cha mganga si usajili wa dawa. Dai namba ya usajili ya dawa hiyo hiyo uliyoshika. Asipokuwa nayo, rudisha kopo, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.

Dawa za dukani nazo zinataka macho. Paracetamol ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa siku, na dawa nyingi za mafua tayari zinayo ndani. Mwambie mhudumu wa duka la dawa muhimu kila unachotumia, mlonge na mwarobaini vikiwemo, hasa kama una sukari au presha. Asipokuuliza, anza wewe kumwambia.

Kama una mzazi anayetumia unga wa namna hii kwa muda mrefu, tafadhali usimnyang'anye ghafla. Mwili uliozoea deksamethasoni ukikatishwa mara moja, mtu anaweza kulegea, kutapika na kuzimia. Mpeleke hospitali akiwa na kopo, lebo na unga uliobaki, daktari ampunguzie kwa mpangilio. Kisha toeni taarifa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ofisi yao ya Kanda ya Kusini iko Mtwara mjini, na mwananchi wa kawaida anapokelewa bila barua ya daktari. Msiutupe unga uliobaki, bila huo hakuna cha kupima.