Mama ana kidonda cha kisukari, nimpeleke kwa mponyaji wa nishati?

Ndugu, umeuliza kama umpeleke mama kwa mponyaji wa nishati ya mikono hapa Kisumu, kwa kuwa kidonda cha mguu hakifungi na amechoshwa na foleni za kliniki. Usimpeleke.

Shangazi yangu wa Ahero alipitia huko. Mponyaji mwenyewe alikuwa mpole, sitamnyima haki hiyo. Alimketisha, akamshika mabega, akapitisha viganja juu ya mguu, akamuuliza habari za wajukuu na kumsikiliza bila haraka. Shangazi alirudi mwepesi, akatuambia mguu hauumi tena. Kliniki ya kufungwa kidonda akaiacha, na dawa akawa anameza akikumbuka.

Kutouma ndiko kulikotuponza. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata mtu akakanyaga msumari asijue. Damu nayo hufika kwa shida, kidonda kikakosa nguvu ya kupona. Kwa hiyo kidonda cha kisukari kinaweza kunyamaza huku kinaoza. Binti yake alipofungua kitambaa, harufu peke yake ilitosha. Hospitalini walimkata vidole ili mguu uokoke.

Sasa hiyo nishati. Wanaofanya kazi hii husema viganja vyao huihisi ikitoka mwilini mwa mgonjwa. Basi dai hilo lilishapimwa, tena na mtoto. Emily Rosa, msichana wa Marekani, alikuwa na miaka 9 alipoweka ubao wenye matundu mezani. Waponyaji 21 walipitisha mikono yao kwenye matundu bila kuona upande wa pili. Yeye alirusha sarafu kuchagua, kisha akaweka mkono wake sentimita chache juu ya mkono wao wa kulia au wa kushoto, wakatakiwa waseme ni upi. Katika majaribio 280 walipatia 123. Kubahatisha tu kungewapa kama 140! Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kama mtu hawezi kujua mkono uko wapi, ataujuaje ugonjwa?

Nafuu aliyoisikia shangazi sikatai. Mtu mwenye hofu akishikwa kwa upole na kusikilizwa, mwili hulegea na maumivu hupungua. Mama yako anahitaji hilo, na nyinyi watoto mnaweza kumpa bila kulipa mtu: kaeni naye, mkandeni mabega, msindikizeni kliniki asikae foleni peke yake. Hilo la foleni nalitilia mkazo, maana wazee wengi hukimbia upweke wa pale kuliko sindano.

Kidonda chenyewe kinataka sukari ishuke, kisafishwe na kufungwa na muuguzi, na mguu usibebe uzito. Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Asiloweke mguu kwenye maji moto, kwa kuwa anaweza kuungua asihisi. Mkague nyayo kila jioni, na katikati ya vidole pia. Mkiona weusi, usaha, uvimbe au wekundu unaopanda, au akipata homa, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema haumii.