Ndita zimerudi baada ya miezi mitatu: umeibiwa, au sindano imemaliza siku zake?

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Dada mmoja alichomwa sindano za ndita jijini Dar es Salaam mwanzoni mwa Desemba, uso ukatulia, sikukuu zikapita vizuri. Sasa Machi inaisha, na akikasirika kidogo tu ile mistari miwili katikati ya nyusi inajikunja kama zamani. Anauliza mambo mawili. Je, ameibiwa? Na akirudia sasa hivi, zitamfikisha Septemba kwenye harusi ya mdogo wake?

Hujaibiwa, dada. Na Septemba hazifiki.

Miezi mitatu hadi minne ndiyo umri wa kawaida usoni wa dawa za sindano hizi, yaani Botox, Dysport na Xeomin, tena kwa dozi kamili. Ipo Daxxify, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ambayo kwa wengi hukaribia miezi sita. Anayekuahidi mwaka mzima ama anachanganya na jeli za kujaza midomo na mashavu, ambazo ni kitu kingine kabisa, ama anaitaka hela yako.

Sababu ya kuisha ni hii. Dawa yenyewe ni sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, iliyosafishwa na kupimwa kwa yuniti. Ikiingia kwenye ncha ya neva, inakata protini ambayo neva huitumia kumwaga asetilikolini, kemikali inayouamrisha msuli ujikunje. Msuli unabaki mzima ila amri haifiki, kama balbu nzima kwenye nyumba iliyokatiwa umeme. Lakini neva haikai kimya. Inachipua vichipukizi vipya, na baadaye ncha ya zamani nayo inapona na kurudi kazini. Unachokiona Machi, basi, ni neva iliyopona. Zile chai za "kusafisha mwili" hazina zinachokigusa hapo.

Kwa siku: mabadiliko huanza kuonekana kati ya siku ya 3 na ya 7. Siku ya 14 dawa iko kwenye nguvu zake, na hiyo ndiyo siku ya kuhukumu kazi, wala si siku ya pili ambayo wengi huanza kupiga simu za lawama. Wiki ya 10 hadi ya 12 msuli unaanza kutikisika. Sehemu nazo hazilingani. Juu ya mdomo mara nyingi ni miezi miwili hivi, kwa kuwa dozi ni ndogo na mdomo haupumziki. Kwapani, wanakochomwa wenye jasho jingi kwa yuniti 50 kila upande, hufika miezi sita au zaidi.

Mwenye haki ya kulalamika ni yule ambaye ndita zimerudi wiki ya tano au ya sita. Huyo nitamwuliza swali moja: ulichomwa yuniti ngapi? Wengi hawajui. Wanajua bei, wanajua idadi ya matundu, basi.

Dozi ya Botox kwa ndita za katikati ya nyusi ni yuniti 20, matundu matano, yuniti 4 kila tundu. Kichupa cha yuniti 100 kinafika kikiwa na unga mkavu chini, mwembamba kiasi kwamba unaweza kudhani ni kitupu. Kinachanganywa na maji ya chumvi ya 0.9%, mililita 2.5, na hapo kila mililita 0.1 inabeba yuniti 4. Sasa mtu akitia mililita 5 ili kichupa kihudumie wateja wengi, kisha akachoma matundu yaleyale matano kwa ujazo uleule, wewe umeondoka na yuniti 10. Siku ya 14 uso utaonekana umetulia. Wiki ya sita umerudi ulikotoka. Kuongeza maji si kosa lenyewe, wapo madaktari wazuri wanaofanya hivyo kwa sababu zao, mradi yuniti zihesabiwe upya.

Kuna mtego mwingine kwenye bomba la sindano. Wengi hutumia bomba la insulini la mililita 1, lenye alama 1 hadi 100. Zile ni yuniti za insulini. Kwa mchanganyiko wa mililita 2.5, ukivuta hadi alama ya 20 umevuta mililita 0.2, yaani yuniti 8 za Botox. Mhudumu asiyeelewa hesabu hii anakwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba amekuchoma ishirini. Na yuniti za Dysport ni kipimo tofauti, ndita zilezile zinahitaji 50, kwa hiyo usilinganishe namba na shoga yako kabla hamjataja jina la dawa.

Wanaume, na wenye misuli minene ya paji la uso, wanahitaji zaidi ya hapo. Ukimpa mwanaume dozi ya mkewe, itamwishia mapema.

Halafu joto. Kichupa cha Botox ambacho hakijafunguliwa kinakaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na kikishachanganywa maelekezo ya mtengenezaji yanataka kitumike ndani ya saa 24, kikiwa kwenye friji. Dawa inayotoka Dar kwenda Mbeya kwa basi ina zaidi ya kilomita 800 mbele yake, na joto lote la Morogoro na Mikumi kabla ya kupanda Kitonga na kuanza kusikia baridi ya Iringa. Kama ilisafiri kwenye mkoba bila barafu, baridi ya Uyole haitairudishia nguvu. Omba uone kichupa kikifunguliwa mbele yako: jina, namba ya toleo, tarehe ya mwisho. Sindano ya maji ikichomekwa kwenye Botox, kichupa kinayavuta maji chenyewe kwa sababu ndani hakina hewa. Kisipovuta, kinatupwa. Na usikubali kilichochanganywa "jana kwa mteja mwingine".

Ukichomwa Dar na safari ya kurudi ni ya usiku huohuo, ahirisha. Saa nne za kwanza unatakiwa kukaa wima, bila kusugua wala kulalia uso, na hakuna anayepanda basi la Mbeya asiegemeze paji la uso kwenye kiti cha mbele. Dawa ikisogea chini inaweza kuufikia msuli unaoinua kope. Kope likalegea, jicho likawa nusu, na hali hiyo hudumu wiki kadhaa mpaka ipone yenyewe. Zaidi ya safari, chanzo kikubwa ni tundu lililochomwa karibu mno na jicho. Ndita huchomwa angalau sentimita moja juu ya mfupa wa nyusi.

Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye miastenia (ugonjwa wa misuli kulegea kwa sababu amri za neva haziifikii vizuri) wasichomwe. Ukiwa kwenye dozi ya jentamaisini, ile antibiotiki, mwambie daktari, kwani inaongeza nguvu ya sumu hii. Ukipata shida ya kumeza, kuongea au kupumua, hata baada ya wiki kadhaa, ni hospitali moja kwa moja.

Jua la kwetu mnalidharau kwa sababu ya baridi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na miale inayoharibu ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Kukunja macho juani kutwa nzima kunachora mistari inayobaki hata uso ukiwa umetulia, na mistari hiyo sindano haiifuti, inailegeza tu. Kofia, miwani ya jua, na krimu ya kukinga jua ya SPF 30, hata Julai. Mkorogo hapa ni adui mara mbili.

Turudi Septemba. Tangu Desemba miezi mitatu imeshatimia, kwa hiyo unaruhusiwa kurudia, ila ukichomwa leo utakuwa umerudi mwanzo kufikia Julai au Agosti. Usijaribu kuongezea kidogokidogo kila mwezi, kwa sababu mwili unaweza kuunda kinga dhidi ya dawa, kisha hata dozi kamili isikufae. Subiri. Harusi ikiwa tarehe 12 Septemba, chomwa kati ya tarehe 1 na 8 Agosti, lala Dar usiku mmoja, na tarehe 15 hadi 22 mtumie daktari picha mbili, uso umetulia na uso umekunja ndita. Kama kuna marekebisho, muda bado upo. Na safari hii andika kwenye simu jina la dawa, yuniti, na mililita za maji.