Alimwaga mgeni au alimuaga?

SWALI: Ninaishi Igoma, Mwanza. Jumapili tulitembelewa na shangazi wa mume wangu kutoka Sengerema. Saa mbili usiku alisimama akasema, “Haya wanangu, mimi naaga.” Tukatoka naye mpaka mlangoni, na saa nne bado tulikuwa hapo hapo mlangoni. Binti yangu ameandika kwenye insha: “Saa mbili mama alimwaga mgeni.” Nimemwambia aandike “tuliagana na mgeni.” Yeye anasema ni yale yale. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa saa mbili hiyo, mama, sentensi zote mbili zina kasoro.

Tahajia kwanza. Kiambishi -m- cha mtendwa kikikutana na irabu kwa kawaida huwa -mw-: kumwona, kumwambia, kumwita. Binti ameifuata kanuni hiyo. Lakini hapa inagongana na kitenzi kingine, mwaga, cha maji na mchele, ndiyo maana magazeti yetu huandika kumuaga. Nami nashauri hivyo hivyo.

Kosa kubwa zaidi ni la mtenda. Anayeondoka huwaaga wanaobaki. Wanaobaki nao huweza kumuaga anayeondoka: mstaafu huagwa na wafanyakazi wenzake, bibi harusi huagwa kwao, marehemu huagwa kabla ya mazishi. Lakini Jumapili ile saa mbili aliyeanza ni mgeni. Yeye ndiye aliyewaaga ninyi.

Agana ni habari nyingine kabisa. Ile -an- ni ya kutendana, inataka pande mbili. Kitenzi hicho hicho kina maana ya kupatana, kama mtu anaposema “njoo kesho kama tulivyoagana”, na humo ndimo limo neno agano. Basi kuagana hakutimii mpaka mwenyeji aitikie: “Haya, karibu tena, wasalimie nyumbani.” Mgeni aliyesema “naaga” bado anangoja ruhusa, na wako wanaoitamka waziwazi: “Naomba ruhusa.” Mwenyeji akijibu “Mbona mapema?” au “Na yule mdogo wako alishapona?”, mazungumzo yameanza upya. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu shangazi, kumbuka ninyi mlimjibu nini pale mlangoni. Mara nyingi mgeni hukawia kwa sababu hajaitikiwa.

Zamani mgeni wa Sengerema alikuwa na pantoni ya Kigongo–Busisi ya kuiwahi, na mwenyeji angeweza kumkumbusha pantoni bila kuvunja heshima. Daraja limefunguliwa Juni 2025, sababu hiyo haipo tena. Neno ninalolipenda mahali pake ni “tusikucheleweshe.” Angalia lilivyojengwa: wanaochelewesha ni sisi wenyeji, mgeni hana kosa lolote. “Utachelewa” linamtupia yeye mzigo, na kwa mkwe linaweza kusikika kama kufukuzwa. Ukishasema “tusikucheleweshe, shangazi,” ongeza “ngoja nikusindikize kituoni,” kisha uvae viatu kweli. Kusindikiza ni heshima ambayo hakuna mgeni anayeikataa, na maswali ya mdogo wake mtayamalizia njiani.

Binti aandike hivi: “Saa mbili mgeni alituaga. Tuliagana naye saa nne.” Na mwalimu akiuliza kwa nini saa ni mbili tofauti, anayo majibu.