Sauti za ndani zinanitisha nikisali: je, nina dhambi?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Naishi Tanga. Hospitali wameniambia nafsi yangu imegawanyika, ndani mwangu mna zaidi ya mtu mmoja. Mmoja ni kama mtoto, nikipiga takbira tu analia, "Usisujudu, wanakuja!" Mwingine hutukana, naona haya kuyasema. Mara nazinduka jikoni, chai imeshapoa, sijui nani kaipika wala kama adhuhuri nimesali. Daktari anasema nizijibu sauti kwa upole. Shangazi anasema huko ni kuzungumza na majini.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, binti yangu. Pole sana.

Matusi hayo huandikiwi. Mtume (s.a.w.) amesema Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yanayosemwa na nafsi zao, maadamu hawajayatamka wala kuyatenda, wamepokea Bukhari na Muslim. Masahaba nao walimlalamikia kwamba nyoyoni wanapata mambo mazito mno kuyatamka. Hakuwakemea. Alisema, "Hiyo ndiyo imani iliyo wazi." Haya unayoiona, binti yangu, ni katika imani hiyo.

Majini wapo, tunawaamini, ila si kila sauti ni jini. Maradhi haya mara nyingi huanzia kwenye mateso ya utotoni. Huyo anayelia naona ni hofu yako ya zamani, na kumtuliza si shirki. Kabla ya takbira mwambie, "Tuko nyumbani, mlango umefungwa, hakuna anayekuja." Ukishaingia kwenye swala mtulize kwa moyo tu, kwani maneno ya makusudi huibatilisha.

Ukiwa na shaka kama umesali, hesabu hujasali. Ukizinduka na wakati wa swala umeshapita, isali hapo hapo kama aliyepitiwa na usingizi, huna dhambi. Weka daftari karibu na mswala, kila ukitoa salamu utie alama.

Mtume amesema tujitibu, kwa hiyo dawa na miadi ya daktari usiviache. Jisomee Falaq na Nas mwenyewe. Atakayetaka kukufunga kamba au kukuchapa ati amtoe jini, mkatalie, hata akiwa amevaa kanzu na kilemba kama mimi. Na sauti ikikuamuru ujidhuru, usingoje kuche: mwamshe shangazi, mwende hospitali usiku huo huo.

Shangazi msomee jibu hili. Kama bado ana neno, aniandikie, nitamjibu kwa heshima zote.

Wallahu aalam.