Maswali ya Wasomaji: Bomba la Moshi Lisafishwe Mara Ngapi?

Nina jiko la kuni la matofali, bomba lake ni la bati, inchi 4. Tunapika kutwa. Nisafishe kila baada ya miezi mingapi? (Kasulu)

Usihesabu miezi, pima masizi. Jiko likishapoa kabisa, fungua kiungo cha kona na ukwangue ndani kwa msumari. Yakifika unene wa milimita 3, safisha kabla ya kuwasha tena. Jiko la kutwa lichunguliwe kila mwezi. Anzia kwenye kona, maana hapo moshi hupunguza mwendo na masizi hutua. Tabaka la sentimita 1 likizunguka bomba la inchi 4, zaidi ya theluthi ya njia ya moshi imekwisha. Moshi utarudi jikoni pamoja na kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu.

Mvua zikianza, kwenye maungio hutoka uchafu mweusi unaonata kama lami. Unatoka wapi? (Urambo)

Kwenye kuni mbichi. Joto la moto huishia kukausha maji ya kuni, moshi unapanda umepoa, na ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, mvuke wake huganda bombani. Hiyo ndiyo kreosoti, nayo inashika moto. Kufunika moto usiku kwa kuziba hewa huleta yaleyale, hata kwa kuni kavu za miombo.

Pasua kuni kiangazi kinapoanza, uzipange juu ya kichanja chenye paa, pande zikiwa wazi. Zilizokauka hupasuka nyufa kwenye ncha, na ukizigonganisha hutoa mlio mkali. Kreosoti ikishakuwa ngumu na kung'aa, brashi haiiwezi. Kwa bomba la bati, mpe fundi akukatie jipya.

Brashi gani, na naanzia wapi? (Kibondo)

Brashi ya waya yenye upana uleule wa bomba, mpini mrefu. Ziba mdomo wa jiko kwa gunia lililolowa, vaa barakoa, vua kofia ya bomba, sugua kutoka juu kwenda chini. Kisha fungua kona, zoa kilichoanguka. Wengi husahau hapa, na bomba linabaki limeziba.

Nikitupa chumvi motoni bomba litajisafisha? (Tabora mjini)

Hapana. Utaozesha bati tu.

Kaka yangu anaishi Kanada, anaota moto wa kuni majira yote ya baridi. Mara moja kwa mwaka inatosha? (Kigoma Ujiji)

Kukagua, angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi kuanza. Kusafisha kunafuata kipimo kilekile cha milimita 3. Dohani iliyojengwa nje ya ukuta hupozwa na baridi, hivyo hujaza kreosoti upesi; hiyo akague tena katikati ya msimu.

Bomba likianza kunguruma na kuwa jekundu? (Sikonge)

Kreosoti inaungua. Funga mlango wa kuni na tundu la hewa, toa watu nje, piga simu Zimamoto, 114. Usimwage maji: mvuke utakuunguza na dohani ya matofali itapasuka. Moto ukizimika, endelea kukagua kenchi kwa saa kadhaa, kwani mbao huweza kufukuta ndani. Bomba la bati tupu likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote. Nyumba nyingi tunazoziona, limegusana nayo.